Takwimu za Uhalifu ni Hesabu ya Serikali kwa Wananchi

Mazungumzo kwa watumishi wa serikali na walimu wa Musoma, Bunda na Butiama



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Maneno hayo hutumiwa sana na wafanyabiashara, lakini haifai kuyaacha dukani. Serikali nayo imekabidhiwa mali isiyoweza kulindwa bila daftari, na mali hiyo ni usalama wa raia wake. Ng'ombe akiibwa Bunda, nyavu zikichukuliwa usiku katika maji ya Musoma, au binti akidhulumiwa katika kijiji cha wilaya ya Butiama, dola huliweka jambo hilo katika hesabu zake kwa njia moja tu: kuna mtu aliyeliandika. Lisiloandikwa halihesabiwi. Lisilohesabiwa halitengewi askari, wala gari, wala fedha. Mwananchi wa namna hiyo huwa amedhulumiwa mara mbili, mara ya kwanza na mhalifu, na mara ya pili na karatasi iliyoachwa tupu.

Ni kawaida kwa wananchi kusikia, mwaka unapofungwa, kwamba uhalifu umepungua kwa asilimia kadha wa kadha. Huenda ikawa kweli. Wala raia mwema hana sababu ya kuanza kwa kumshuku kiongozi aliyesema hivyo. Lakini anayo haki, tena anao wajibu, wa kuuliza maswali matatu. Idadi hiyo ilianzia wapi? Ilipita mikononi mwa nani? Na ni nani mwingine, asiye miongoni mwa waliopita nayo, anayeweza kuihakiki? Serikali inayoweza kuyajibu maswali hayo imetoa hesabu. Isiyoweza kuyajibu imetoa tangazo.

SAFARI YA TARAKIMU

Chukua mfano wa mvuvi wa mwalo wa Mwigobero, mjini Musoma, ambaye usiku mmoja ananyang'anywa injini ya mtumbwi na watu wenye mapanga. Asubuhi ana mambo mawili ya kuchagua. Anaweza kwenda kituoni, akapoteza siku ya kazi na nauli, au anaweza kuanza kutafuta fedha za injini nyingine. Kama jirani yake alikwenda mwezi uliopita asisaidiwe, hatakwenda. Hapo tarakimu imekufa kabla ya kuzaliwa, na hapana ofisa yeyote aliyetenda kosa.

Tuseme amekwenda. Mbele ya meza ya polisi kuna daftari la taarifa, na anayeandikwa humo hupewa namba ambayo wananchi wote huijua kwa jina la RB. Hapa inaamuliwa kama tukio litaandikwa, na kama likiandikwa litaitwa nini. Sheria ya Kanuni ya Adhabu inatofautisha wizi na unyang'anyi wa kutumia silaha, na tofauti hiyo si ndogo, maana unyang'anyi wa kutumia silaha una adhabu isiyopungua kifungo cha miaka 30. Tukio lile lile la Mwigobero likiandikwa kuwa wizi, takwimu za unyang'anyi zitabaki chini. Likiandikwa kuwa ni upotevu wa mali, kana kwamba injini ilidondoka yenyewe ziwani, hakutakuwa na uhalifu wowote katika hesabu ya siku ile.

Kutoka mezani tarakimu hupanda wilayani, ikaenda mkoani, ikafika makao makuu, na mwishowe huingia katika taarifa ya uhalifu na matukio ya usalama barabarani ambayo Jeshi la Polisi limekuwa likiitoa kwa kushirikiana na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Taarifa hiyo ni jambo jema na watumishi wote wangefaa kuisoma. Lakini jedwali lililochapwa vizuri haliwezi kuwa kweli kuliko daftari la kituo cha mwisho kabisa. Mtakwimu wa Dodoma hujumlisha alicholetewa. Hawezi kujumlisha kilichonyamaziwa Musoma.

MIPAKA NA WATU

Kuna upotofu mwingine usiohitaji mwongo hata mmoja. Wilaya ya Butiama ilianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Musoma Vijijini. Mtu akichukua idadi ya makosa ya Musoma Vijijini kabla ya mwaka huo, akailinganisha na ile iliyofuata, ataona makosa yamepungua ghafla, na anaweza hata kuandika barua ya pongezi. Kumbe kilichohama si wahalifu, ni mstari wa ramani.

Kadhalika Mkoa wa Mara. Kwa utawala wa kiraia, Tarime na Rorya ni wilaya za Mara kama Bunda na Serengeti. Kwa utawala wa polisi zilifanywa mkoa wa kipolisi unaojitegemea, wenye kamanda wake. Basi takwimu za polisi za "Mara" na Mara anayoijua mwalimu wa jiografia si kitu kimoja. Msemaji asiyeeleza ni Mara ipi anayoizungumzia hajasema uongo, lakini wasikilizaji wake wataondoka na uongo.

Kisha kuna idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,743,830 katika Mkoa wa Mara. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,372,015. Hilo ni ongezeko la zaidi ya theluthi moja katika miaka kumi. Ikiwa makosa yaliyoandikwa yalibaki yale yale katika miaka hiyo, maana yake ni kwamba hatari kwa kila raia ilipungua kwa zaidi ya robo. Na kama makosa yaliongezeka kidogo, inawezekana hatari ilipungua vile vile. Hesabu hii inaweza kufanywa na mtoto wa darasa la saba. Inashangaza kwamba hotuba nyingi huipita, na mara nyingine huwanyima sifa askari waliostahili kusifiwa.

FUNZO LA MWAKA 1976

Wapo watakaosema kwamba tarakimu ni mambo ya makarani, na kwamba jambo kubwa ni kazi. Funzo la mikoa jirani ya Mwanza na Shinyanga linawajibu. Mwaka 1976 mauaji katika mikoa ile yalikuwa yameitia serikali wasiwasi mkubwa, na wengi wa waliouawa walikuwa wazee waliosingiziwa uchawi. Nia ya kuyakomesha ilikuwa njema. Msako ukaanzishwa na watu wengi wakakamatwa. Baadhi yao waliteswa, na wengine wakafa wakiwa mikononi mwa vyombo vilivyopewa dhamana ya kulinda maisha. Kama kazi ile ingepimwa kwa idadi ya waliokamatwa tu, ingehesabiwa kuwa ushindi.

Haikupimwa hivyo. Ukweli ulipojulikana, Januari 1977, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Hakuwa amemtesa mtu, lakini yaliyotendeka yalitendeka chini ya wizara yake, na kwake hilo lilitosha. Waziri wa Nchi, Ndugu Peter Siyovelwa, na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga nao waliondoka katika nafasi zao. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani.

Mambo mawili yanafaa kukumbukwa. La kwanza, ofisa anayeamriwa alete idadi ataileta, na asiposimamiwa atailetea idadi hiyo damu. La pili, kuwajibika hakukuiangusha serikali wala hakukumwangusha Ndugu Mwinyi. Miaka minane baadaye, mwaka 1985, wananchi walimchagua kuwa Rais wa nchi. Wanaoficha makosa kwa kisingizio cha kulinda heshima ya serikali wangefaa kuutafakari mfano huo. Heshima ya serikali ililindwa na aliyekubali lawama, hata pale ambapo angeweza kupata mtu mdogo wa kumtupia.

Wala tatizo hili si la nchi maskini peke yake. Mwanzoni mwa mwaka 2014 mamlaka ya takwimu ya Uingereza iliziondolea takwimu za uhalifu zilizoandikwa na polisi hadhi ya kuwa takwimu za taifa. Mwishoni mwa mwaka huo huo wakaguzi wa polisi walieleza kwamba katika Uingereza na Wales takriban kosa moja kati ya kila matano yaliyoripotiwa lilikuwa haliandikwi. Kwa makosa ya kujamiiana hali ilikuwa mbaya zaidi, takriban moja kati ya manne. Nchi ile ina kompyuta kila kituo. Lililokosekana halikuwa mashine. Askari walikuwa wakipimwa kwa idadi ambayo wenyewe ndio walioiandika, na kesi ya ngedere ikapewa nyani.

PALE ONGEZEKO LINAPOKUWA HABARI NJEMA

Katika Mkoa wa Mara kuna jambo linaloonyesha vizuri upungufu wa daftari moja. Tangu mwaka 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana imefanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16, uliofanywa nyumba kwa nyumba, ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 28 kwa Mara, na 8 kwa nchi nzima.

Haki inataka isemwe kwamba kati ya wanawake hao wamo waliokeketwa kabla ya sheria, na kwa hiyo asilimia hizo haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na majalada ya polisi. Lakini zinatosha kufundisha jambo moja: makosa yanayotendwa ndani ya familia, kwa ridhaa ya wazazi na kwa shangwe ya majirani, hayaletwi kituoni na watendaji wake. Utafiti wa mwaka 2015-16 ulionyesha pia kwamba wanawake wanne katika kila kumi nchini walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikisha miaka 15. Wangeandikwa wote, madaftari ya vituo yasingetosha.

Sasa yapo madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na zipo nyumba salama katika Butiama na Serengeti zinazopokea wasichana wanaokimbia kisu. Mahali ambapo huduma hizo hufanya kazi, idadi ya makosa yanayoandikwa lazima ipande. Kiongozi asiyejua hesabu ataona aibu na kumwita ofisa wake ajieleze, naye ofisa atajifunza upesi kwamba usalama wa cheo chake uko katika kuandika kidogo. Kiongozi anayejua ataona kwamba watu waliokuwa wakinyamaza wameanza kuiamini serikali. Tarakimu ile ile yaweza kuwa dalili ya ugonjwa au dalili ya kupona, na anayeitangaza bila maelezo hajamwambia mwananchi lolote.

Kinyume chake nacho ni kweli. Katika vijiji vya Bunda, ng'ombe akiibwa, sungusungu na vijana hufuata nyayo. Wakimpata, hurudi naye, faini hutozwa mbele ya wazee, na mambo huisha bila kalamu. Daftari la polisi litaonyesha kwamba wizi wa mifugo umepungua. Huenda umepungua, huenda wananchi wameacha tu kwenda kituoni. Na ikitokea siku hasira ikawazidi, mtuhumiwa akapigwa hadi kufa, basi wizi ambao haukuandikwa utakuwa umezaa mauaji yatakayoandikwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

MADAFTARI MATATU

Hapa ndipo walimu na watumishi wengine wanapoingia, maana polisi si peke yao wenye daftari. Mwalimu mkuu anayo kumbukumbu ya wasichana walioacha masomo kwa sababu ya mimba. Zahanati na kituo cha afya vina kitabu cha wajawazito kinachotaja umri, na vina majeruhi waliofika na fomu ya polisi ya PF3, au waliofika bila fomu hiyo. Kituo cha polisi kina majalada ya ubakaji na ya kujeruhi.

Kwa sheria ya mwaka 1998, kufanya tendo la ndoa na msichana aliye chini ya miaka 18 asiye mke wa mtu ni ubakaji, hata akiwa ameridhia. Na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Basi ikiwa katika kata moja shule imeandika mimba 12, zahanati imeandika wajawazito 20 wa umri huo, na polisi wameandika makosa 2, hapahitajiki mtaalamu kutoka mbali kueleza kwamba kuna hesabu isiyolingana. Idadi hizo ni za mfano, lakini watumishi wengi wanaweza kuketi leo na kuweka idadi halisi za kata zao mahali pake.

Madaftari hayo matatu hayaketi meza moja kwa sababu kila idara huandika kwa ajili ya mkubwa wake wa juu, si kwa ajili ya jirani yake. Huo ndio urasimu. Kamati ya Maendeleo ya Kata ingeweza kuyaweka pamoja kila robo ya mwaka, idadi bila majina, ili siri ya wagonjwa na ya watoto ilindwe. Na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hukutana kila baada ya miezi mitatu, ungeweza kusomewa hesabu ya makosa yaliyoripotiwa, yaliyopelelezwa, yaliyofikishwa mahakamani na yaliyofungwa bila matokeo. Wanaoketi chini ya mwembe ule ndio walioibiwa na kupigwa. Ni vigumu kuwasomea hesabu ya uongo, kwa sababu ushahidi wameuleta wenyewe.

Yapo masharti mengine madogo yasiyohitaji fedha nyingi. Kila anayeripoti apewe namba yake bila kuombwa chochote, wala kuambiwa achangie mafuta ya gari. Kila takwimu inayotangazwa itaje eneo lake, kipindi chake na idadi ya watu wake. Kosa lililobadilishwa jina libaki na maelezo ya aliyelibadilisha na sababu yake. Mkuu wa polisi wa wilaya asipimwe kwa kushuka kwa idadi peke yake, bali pia kwa usahihi wa daftari lake. Na Ofisi ya Taifa ya Takwimu iwe na desturi ya kuchukua sampuli ya vituo, ikarudi kwa walioripoti, ikauliza kama yaliyoandikwa ndiyo yaliyosemwa.

UKWELI HAULINDWI NA JELA

Kuhusu sheria, nchi imekwisha kujifunza. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 iliweka utaratibu wa takwimu rasmi. Marekebisho ya mwaka 2018 yakafanya kuwa kosa la jinai kutangaza takwimu zinazokusudia kubatilisha au kupotosha takwimu rasmi. Mwaka uliofuata, 2019, Bunge liliirekebisha tena sheria hiyo na kuiondoa jinai hiyo. Uamuzi huo wa pili ulikuwa wa busara. Takwimu haipati heshima kwa sababu anayeipinga ataadhibiwa. Huipata kwa sababu anayeipinga anaweza kuonyeshwa ilivyopatikana. Serikali yenyewe ilionyesha njia mwaka 2016, ilipokagua orodha zake za mishahara na kukuta watumishi hewa zaidi ya 10,000. Orodha zile zilikuwa rasmi, zimetiwa sahihi na kugongwa mihuri, na hazikuwa kweli. Hakuna aliyesema kwamba kuzikagua kulikuwa ni kuichafua serikali.

Kwa moyo huo huo Rais aliunda mwaka 2023 tume ya kuchunguza taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na tume ikapendekeza mageuzi makubwa, ya polisi yakiwamo. Mageuzi hayo yatapimwa kwa takwimu. Takwimu zikiwa mbovu, hapana atakayejua kama yamefaulu.

Ndugu Watumishi na Ndugu Walimu, Butiama ndiko alikozaliwa, na ndiko alikozikwa, Mwalimu Nyerere. Mwaka 1962, nchi ikiwa bado changa na yenye kila sababu ya kujisifu, aliandika kijitabu cha kuwataka wananchama wajisahihishe, na kila mwanachama wa TANU aliahidi kusema kweli daima. Ahadi hiyo haikuwekewa kifungu cha kuwaachilia wanaojaza fomu. Ukweli wa mkoa mzima huanzia kwa mtu mmoja mwenye kalamu, mchana wa joto, mbele ya mlalamikaji aliyechoka na mkubwa anayependa idadi ndogo. Mtu huyo yaweza kuwa askari wa kituo cha Bunda, muuguzi wa Butiama, au mwalimu wa zamu wa Musoma. Akiandika alichoambiwa, kama alivyoambiwa, atakuwa ametimiza kazi ambayo hapana waziri wala mtakwimu anayeweza kuifanya kwa niaba yake.